Somo: Kumalizia Taa za Umeme wa Jua



Nyumba umejijengea na paneli umeitia, zimebaki taa. Kwanza, tia fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Nyaya zikigusana pasipo fyuzi, nyumba ya makuti yaweza kuungua pamoja na karafuu zilizomo.

Pili, piga hesabu. Taa 4 za wati 5, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 100. Kwa betri ya volti 12 ni kama ampea-saa 8.3. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, basi ya ampea-saa 18 yatosha usiku mmoja tu. Mvua za vuli hazingoji uchambuzi wa karafuu uishe: nunua ya 40. Akiba haiozi.