Upinde Mpya, Msimu Mlangoni: Vidokezo 10 vya Kuuweka Sawa

Hongera! Boksi limefunguliwa, upinde wa kompaundi umelala mezani, roda zake mbili zinang'aa, na tayari unajiona juu ya mti huku kulungu akipita chini. Subiri kidogo. Upinde utokao kiwandani haujui urefu wa mikono yako, nguvu za mgongo wako wala jicho unalolengea. Kuufundisha hayo ni kazi ya wikendi mbili tatu tulivu, si ya usiku wa kuamkia ufunguzi.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Minnesota, ambako msimu wa kulungu kwa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba na kwenda hadi 31 Desemba. (Mliopo Kenya someni kwa burudani tu, uwindaji huko ulipigwa marufuku mwaka 1977.) Na kama ulizaliwa baada ya 31 Desemba 1979, Minnesota inakutaka uwe umepita kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kukata leseni. Umeshapita? Safi, tuendelee.

1. Ugwe mtupu haufyatuliwi

Kanuni hii haina msamaha: usivute upinde ukauachia bila mshale. Nguvu uliyoijaza kwenye mikono ya upinde inatakiwa iondoke na mshale. Mshale usipokuwepo, nguvu inabaki humo humo: ugwe unaruka kwenye roda, mikono inapasuka, na vipande havichagui pa kwenda. Mtu wa kuchungwa hapa si wewe bali shemeji aliyekuja kula pilau Jumapili, akauona ukutani na kusema, "Hebu niujaribu kidogo!" Ufiche. Likitokea la kutokea, usifyatue tena mpaka fundi wa duka la pinde aukague, hata kama kwa macho hauna mkwaruzo.

2. Jicho lipi ni bosi?

Nyoosha mikono yote miwili mbele, unganisha viganja ubakize kitundu kidogo, kisha tazama kupitia kitundu hicho kitu kilicho mbali, tuseme swichi ya taa. Fumba jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kuiona swichi ndilo linaloongoza. Ikiwa unatumia mkono wa kulia lakini jicho bosi ni la kushoto, zungumza na muuzaji mapema, risiti ikiwa bado na uhai. Wengi katika hali hiyo hushauriwa kuhamia upinde wa mkono wa kushoto.

3. Panua mikono, gawa kwa 2.5

Simama wima, panua mikono, mtu akupime kwa inchi kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine. Gawa kwa 2.5. Mwenye inchi 70, yaani kama sentimita 178, anapata 28. Huo ndio urefu wa mvuto wa kuanzia.

Hapa ndipo wengi hujiongezea inchi moja kimyakimya, kwa kuwa mvuto mrefu huongeza kasi. Usijidanganye! Mvuto uliozidi una dalili zake: kichwa kinaegemea nyuma, kiwiko cha mbele kimekakamaa, na ugwe unakuchapa mkono hadi unaacha alama. Ukisita kati ya vipimo viwili, chukua kifupi. Pinde nyingi za leo hurekebishwa urefu kwa kuhamisha kipande kidogo kwenye roda kwa alenki, ile spana nyembamba iliyopinda. Nyingine zinahitaji mashine ya kuubana upinde, nayo iko dukani kwa fundi. Tafadhali usibuni ya kwako gereji.

4. Pauni si cheo

Holless Allen wa Missouri, aliyepata hataza ya upinde huu mwaka 1969, alitupa zawadi moja kubwa: uzito unapanda, unafika kilele, halafu unashuka. Upinde wa pauni 70 wenye punguzo la asilimia 80 unakuachia pauni 14 tu ukishafika mwisho wa mvuto. Ndiyo maana unaweza kumsubiri kulungu ageuke ubavu bila kutetemeka.

Ila kilele lazima ukivuke kwanza. Jipime hivi: weka mshale, kaa kwenye kiti, nyanyua miguu isiguse sakafu, elekeza upinde kwenye shabaha na uvute taratibu, moja kwa moja. Ukijikuta unauelekeza mawinguni ndipo upate nguvu, ni mzito kwako leo. Legeza zile boliti mbili kubwa za mikono, ya juu na ya chini kwa mizunguko iliyo sawa, bila kupita kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Mzunguko mmoja hupunguza pauni mbili hivi, wakati mwingine tatu.

Sheria ya Minnesota inataka pauni 30 tu. Ndiyo, Waliangulu wa nyika ya Tsavo walivuta pinde za zaidi ya pauni 100, lakini wao walikuwa wakiwinda tembo! Wewe unamfuata kulungu, na huko msituni hakuna wa kukupigia makofi.

5. Usilewe tarakimu za kasi

Tangazo lilisema futi 340 kwa sekunde, nawe ukaufungua mkoba wako. Kwa kawaida kipimo hicho hupatikana kwa pauni 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa grani 350. Wewe, tuseme, una pauni 60 na mvuto wa inchi 28. Huifikii, na huihitaji.

Kinachokuhusu ni mshale wenyewe, na hapa ndipo ningekuomba usibane matumizi. Kwanza uzito. Usishuke chini ya grani 5 kwa kila pauni ya upinde, maana mshale mwepesi mno unakaribia kuwa sawa na kufyatua ugwe mtupu. Kwa pauni 60 kikomo hicho ni grani 300, ila kwa mawindo jipe 400 hadi 450. Upinde unatulia, kelele zinapungua, na mshale unazama zaidi.

Pili ni ugumu wa ubao wa mshale. Utaona namba kama 400, 340 au 300 zimeandikwa ubavuni. Hizi zinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu zaidi. Jedwali la mtengenezaji litakuuliza pauni zako, urefu wa mshale na uzito wa chembe, lifuate. Na kumbuka, ukiukata mshale unazidi kuwa mgumu, na ukiufunga chembe kizito unalegea. Nunua mishale sita inayofanana kabisa. Kuchanganya mitatu ya binamu na mitatu ya mnadani ni kujitafutia maumivu ya kichwa.

6. Fumba macho, kisha fumbua

Mshale ukikaa kwenye kiegemeo, upite usawa wa tundu la boliti inayokishikilia na ufanye pembe mraba na ugwe. Vipo vipimamaji viwili vidogo vya kubana, kimoja ugweni na kingine mshaleni. Ni rahisi na vinamaliza ubishi. Kwa pinde nyingi, katikati ya mshale hukaa kama milimita 21 kutoka ubavu wa mpini. Anzia hapo.

Sasa tundu la kuchungulia lililosokotwa ugweni. Vuta upinde ukiwa umefumba macho, tuliza mkono shavuni mahali pake pa siku zote, kisha fumbua. Unaona kilengeo chote katikati ya tundu? Vizuri! Unalazimika kunyoosha shingo? Tundu ndilo lisogezwe, shingo iache. Kazi hiyo mpe fundi, kwa kuwa ugwe hulegezwa kwanza. Usishangae pia tundu likijizungusha siku za mwanzo: ugwe mpya hunyooka kidogo. Piga mishale mia moja hivi ndipo ufanye marekebisho ya mwisho.

7. Karatasi haijui kusengenya

Hiki ndicho kidokezo nikipendacho, na kinagharimu gazeti kuukuu na fremu ya mbao. Tandaza karatasi kwenye fremu, weka shabaha nyuma yake, simama umbali wa hatua mbili, piga mshale upite katikati. Kisha soma tundu. Ukiona kitobo kimoja chenye alama za manyoya pande zote, mshale unaruka umenyooka. Ukiona mchaniko mrefu, mkia ulikuwa unakwenda kivyake.

Mkia umechana juu ya kitobo cha ncha? Shusha kidogo kitanzi cha ugweni, au pandisha kiegemeo. Umechana chini? Fanya kinyume chake.

Mchaniko wa kushoto au kulia una mkorofi mmoja wa kushukiwa kabla ya spana yoyote: kiganja chako. Ukiukamata mpini kwa nguvu unausokota bila kujua. Uache ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vikilegea, kisha rudia. Mchaniko ukibaki vilevile mshale baada ya mshale, sogeza kiegemeo upande mmoja chini ya milimita moja na upige tena. Ukipungua, endelea huko huko. Ukizidi, rudi ulikotoka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja! Aliyesogeza vitu vitatu kwa mpigo hawezi kujua kipi kilimsaidia.

8. Kilengeo huufuata mshale

Rahisi mno. Mishale inaangukia kushoto? Sogeza pini ya kilengeo kushoto. Inaangukia chini? Shusha pini. Anza yadi 10, kisha 20, ndipo uende 30. Na usiguse chochote kwa ajili ya mshale mmoja. Piga mitatu, uone inakusanyikia wapi.

9. Chembe cha kuwindia kina maneno yake

Kwa mazoezi umekuwa ukitumia chembe butu. Ukifunga chembe chenye mapanga, mabawa yake hukamata upepo na kuyaanika makosa yote ambayo manyoya yalikuwa yakiyasitiri. Kwa hiyo usikitoe kwenye pakiti asubuhi ya kuwinda. Tumia chenye uzito uleule, mathalani grani 100, na upime vyote viwili kwa yadi 20. Chembe cha mapanga kikiangukia kushoto kwa butu, sogeza kiegemeo kulia, kidogo sana, mpaka vikutane. Shabaha iwe ya sponji ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mapanga, maana zile za magunia huyameza na kukatika. Minnesota inataka chembe chenye upana wa angalau inchi 7/8 na makali mawili au zaidi ya chuma. Hivyo ulivyovifanyia majaribio vinoe upya au badilisha mapanga kabla ya kwenda porini.

10. Jizoeze na koti lako

Agosti unapiga mazoezi na fulana, Novemba unawinda ukiwa umejifunga makoti matatu. Vaa nguo zote za baridi angalau mara moja, glavu na mkanda wa usalama wa kukaa juu ya mti vikiwemo, uketi, kisha upige. Utagundua mambo! Kifyatulio, kile unachojifunga mkononi kuachia ugwe, hakifungi juu ya mkono wa koti, kofia inagusa ugwe, na mkono wa kushoto wa koti uko njiani kabisa. Huo wa koti ubane kwa mpira mpana au kikinga mkono. Halafu chukua kalamu ya rangi nyeupe, uchore mstari mwembamba kutoka kila skrubu hadi chuma kilicho jirani yake: kwenye kiegemeo, kilengeo na zile boliti mbili kubwa. Gari likirukaruka kwenye barabara ya vumbi na mstari mmoja ukaachana, utajua palepale ni kipi kimelegea, na alenki umeiweka mfuko gani wa koti.