Kaunti, wadi na namba za posta: ziandikwe wapi?

Swali: Tunaunda tovuti ya kuuza vifaa vya ujenzi Thika na Ruiru. Orodha ya kaunti na wadi iwe ndani ya msimbo au kwenye hifadhidata?

Tazama kwanza nani ana uwezo wa kuibadilisha. Kaunti 47 zimetajwa moja moja katika Katiba ya Kenya ya 2010, na hakuna karani wa duka atakayeongeza ya 48. Orodha kama hiyo iandikwe ndani ya msimbo, mahali pamoja tu: kosa la tahajia hunaswa kwenye majaribio, na kila badiliko hubaki katika historia ya msimbo. Nauli ya kupeleka saruji Mwihoko ni jambo jingine. Mwenye duka huipandisha mafuta yakipanda, kwa hiyo ikae kwenye hifadhidata, aibadilishe bila kumsubiri mwanaprogramu.

Swali: Mbona mipaka nayo hubadilika?

Hoja hii ina uzito. Mwaka 2012 tume ya uchaguzi, IEBC, ilichora upya mipaka, maeneo bunge yakaongezeka kutoka 210 hadi 290, na Juja ya zamani ikagawanywa, Thika Mjini na Ruiru zikajitegemea. Lakini Katiba inaweka mapitio hayo kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kasi hiyo haimshindi yeyote anayetunza msimbo. Hata orodha ingekuwa kwenye hifadhidata, bado mtu angelazimika kuamua rekodi za wateja wa zamani zihamie wapi. Kinachovuruga kazi hasa ni kutumia jina kama kitambulisho. Kuna wadi ya Mwiki Ruiru na nyingine Kasarani, Nairobi. Programu inayohifadhi neno “Mwiki” peke yake itapeleka mabati kaunti isiyo yake. Kila wadi ipewe kitambulisho kisichotumika tena kwingine, na iliyovunjwa iwekewe alama badala ya kufutwa.

Swali: Namba za posta je? Si ni namba tu?

Hapana, ni maandishi yenye sura ya namba. Ya Thika ni 01000, ya Ruiru 00232. Ukiziandika katika PHP bila alama za kunukuu, sifuri ya mwanzo huifanya lugha isome kwa msingi wa nane: Thika inakuwa 512 na Ruiru 154, bila onyo lolote. Python 3 angalau inakataa kuendelea. Zifunge kwa alama za kunukuu, na safu yake kwenye hifadhidata iwe ya maandishi.

Swali: Na kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo hubadilika kwa nadra?

Kubadilika kwa nadra si sababu ya kutosha kuiandika kama thamani moja. Kiwango kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, kikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Aliyeandika 16 kama thamani moja alilazimika kuifuta, kisha kuirudisha, na ankara za katikati zikichapishwa upya zinatoka na hesabu ya uongo. Kila kiwango kiandikwe pamoja na tarehe ya kuanza, na programu ichague kwa tarehe ya mauzo.