Nyota Zangu Zina Faida Gani?

Swali: Niko Dodoma, sina darubini wala shahada. Kutazama kwangu nyota kunamfaa nani?

Jibu: Wanafalaki wenyewe. Zipo nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, na hakuna chuo kinachoweza kuzikeshea zote. Albert Jones wa New Zealand, ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo, alikadiria mwanga wa nyota za namna hiyo zaidi ya mara 500,000.

Anza na Betelgeuse, ile nyekundu ya kundi la Orion. Ilinganishe na Procyon (0.4) na Aldebaran (0.9), namba ndogo ndiyo mwanga mkali. Ikiwa katikati, andika 0.6 au 0.7, pamoja na tarehe na saa. Itupie jicho tu, usiikazie macho: nyekundu ukiikodolea huonekana kali kuliko ilivyo. Februari 2020 ilififia hadi karibu 1.6, na tofauti ilionekana kwa macho matupu.

Shirika la AAVSO la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya yeyote.

Tatizo lako ni mawingu. Orion hupendeza jioni za Januari, msimu wenu wa mvua huo. Mimi ningeamka saa kumi na moja alfajiri mwishoni mwa Agosti, Orion ikiwa imekwisha kuchomoza na anga halina mvua.