Mzazi Aliyerudi Nyumbani Bila Mtoto

Mdogo wako, wifi yako au jirani yako wa Sinza amejifungua, na mtoto amefariki akiwa na saa chache au siku chache tu. Simu imekufikia wewe. Una kazi na una watoto wako, lakini unataka kusaidia. Yapo mambo ya kufanya, na mengine hayangoji kesho.

Kwanza, punguza haraka ya kuzika. Mjini msiba wa mtoto mchanga huharakishwa sana. Wanaume wawili watatu wanakwenda, wanazika, wanarudi, na mama bado yuko wodini. Wanafanya hivyo kwa huruma, wakidhani asipomwona hataumia. Ataumia vilevile, na juu ya hapo atabaki miaka anajiuliza mwanangu alifanana na nani. Kwa hiyo mwulize: "Unataka kumwona? Unataka kumpakata?" Akikubali, awe hospitali ya Palestina hapo hapo Sinza, Mwananyamala au Muhimbili, waombe wauguzi nafasi ya faragha. Mtoto afungwe shali ile ile mama aliyomnunulia. Akikataa, usimlazimishe, ila mwulize tena kabla maiti haijaondoka.

Hata kwa Waislamu, ambao hawacheleweshi maziko, nusu saa ya kumpakata mtoto inapatikana. Na kwa kuwa mama wengi wa Kiislamu hawaendi makaburini, huo ndio muda wake pekee wa kuaga.

Omba ruhusa ya wazazi, kisha piga picha moja ya vidole vya mtoto. Itunze wewe. Siku mama akiitaka, iwepo.

Mtoto apewe jina, na mlitumie. Kama alizaliwa hai, Waislamu humpa jina, humwosha, humvika sanda na kumsalia kama maiti mwingine yeyote. Kama alizaliwa amekwisha kufa, mpigie imamu kabla hamjaamua lolote, maana wanazuoni wametofautiana kuhusu kumsalia. Usikubali ami mmoja mwenye sauti kubwa aamue peke yake.

Kwa Wakatoliki, donda kubwa ni hili: mtoto ameondoka bila ubatizo. Mama atakaa na hofu hiyo kimya kimya, kwa hiyo ifikishe kwa padri siku hiyo hiyo. Sheria ya Kanisa inaruhusu, kwa idhini ya askofu, mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilieleza kwamba ipo sababu ya kutumaini kuwa watoto hawa wanaokolewa. Mwombe padri aje alitamke hilo mbele ya mama mwenyewe, kwa maneno mepesi. Na ukiwa wodini wakati mtoto bado anapumua kwa shida, kumbuka kwamba katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza.

Sasa maneno. "Utapata mwingine" lifute kabisa mdomoni. Vivyo hivyo "bora ameenda mapema kabla hujamzoea". Amemzoea miezi tisa. "Ni mpango wa Mungu" linaweza kuwa kweli kwa imani yako, lakini mwache mfiwa alifikie mwenyewe. Ukimwambia wewe, anasikia kwamba kulia ni kukufuru. Si kweli. Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo, na akaeleza kuwa machozi hayo ni huruma. Yesu alimlilia rafiki yake Lazaro. Mtu akianza kumkemea mama eti imani yake ndogo, mtaje mmoja wapo wa hao kwa upole, halafu umtoe nje mkemeaji akakae na wageni.

Sema hivi: "Pole sana. Mmempa jina gani?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Mama Mwislamu ana jambo lake ambalo wengi hawalifikirii. Yuko kwenye nifasi, kwa hiyo hasali. Wakati anapouhitaji zaidi mswala, umekunjwa. Mkumbushe kwamba dua na dhikri ziko wazi kwake muda wote. Keti naye baada ya magharibi muombe pamoja.

Tuje kwenye mwili, maana hapa ndugu wengi wanasahau. Huyu bado ni mzazi. Siku ya pili hadi ya tano maziwa yanajaa, yanalowesha kijora mbele ya wageni, na hapo ndipo watu wengi waliojikaza huvunjika. Usisubiri akuambie. Mnunulie sidiria inayombana vizuri bila kumwumiza na vitambaa safi vya kuweka ndani. Matiti yakiuma, weka kitambaa cha maji baridi. Bibi atataka kuyakanda kwa maji ya moto. Mwambie kwa heshima kwamba moto na kukamua sana vinaita maziwa zaidi. Akamue kidogo tu kupunguza mbano. Panadol inasaidia. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, ni hospitali.

Damu nyingi kupita kiasi, uchafu unaonuka, kichwa kuuma sana, kifafa: piga 115, simu ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Na miadi ya kliniki baada ya kujifungua iko pale pale, hata kama hana mtoto wa kumbeba. Mwambie muuguzi habari kabla hajaingia ndani, asije akaulizwa "mtoto yuko wapi?" mbele ya foleni.

Mpikie mtori na supu kama mzazi yeyote. Asifichwe chakula cha uzazi eti hanyonyeshi.

Nguo za mtoto, beseni na neti visiguswe mpaka mama aseme. Kwenye grupu la familia la WhatsApp, andika wewe taarifa fupi, ili "hongera" zisiendelee kuingia kwenye simu yake.

Baba naye ameshinda akizunguka na makaratasi, amebeba kisanduku cha mtoto mapajani, na kila anayemsalimia anamuuliza mama anaendeleaje. Muulize yeye anaendeleaje. Kisha mpokee kazi: chukua hospitali karatasi ya kifo na kibali cha mazishi, na kifo kisajiliwe RITA ndani ya siku 30.

Kazini, kuna bosi atakayesema mtoto hayupo, likizo ya nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 84 nyingine ndani ya mzunguko huo huo wa likizo mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka. Vifungu ni cha 33 kwa mama na cha 34 kwa baba, ambaye ana siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa kufiwa na mtoto. Vichapishe, wape waende navyo kazini.

Mtaani kutatoka maneno: jirani ana jicho, wifi ana mkono. Yakate mapema, kwa sababu yanavunja nyumba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Sababu kubwa ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Mpelekeni mama kwa daktari aulize sababu ya mtoto wake, na majibu yaandikwe.

Wageni wakishaondoka, wewe endelea kupita. Akipitisha wiki mbili halali hata usiku ukiwa kimya, au hali, au siku yoyote akisema anataka kumfuata mwanawe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Maombi yaendelee sambamba na tiba.

Na ile karatasi ya majibu ya daktari itunzeni. Akishika mimba tena, aanze kliniki kabla ya wiki 12 na aiweke mezani siku ya kwanza.