Leza na Unene wa Konea: Njia za Upasuaji wa Kurekebisha Uoni

Utangulizi

Mwanafunzi anayelazimika kukaa safu ya mbele ya ukumbi wa mihadhara ili asome maandishi ya ubaoni hupewa ushauri wa kila namna. Yupo amwambiaye avae miwani, yupo amwambiaye ale karoti kwa wingi, na siku hizi yupo pia amwambiaye akafanyiwe leza aachane na miwani maishani. Ushauri wa karoti hauna nguvu hapa. Vitamini A huzuia maradhi fulani ya macho, hasa kwa watoto wenye utapiamlo, lakini haiwezi kubadilisha umbo la jicho. Ushauri wa leza, kwa upande wake, una ukweli ndani yake, ila ni ukweli wenye masharti mengi kuliko yale yanayotajwa katika matangazo. Makala haya yanaeleza njia kuu tatu za upasuaji huo na masharti yake. Hoja inayoyaongoza ni kwamba uamuzi hutegemea kwanza konea ya mhusika, yaani unene wake na umbo lake; upya wa mashine huja baadaye.

Jicho linavyokosea

Konea ni utando mgumu na angavu, usio na mishipa ya damu, ulio mbele kabisa ya jicho mfano wa kioo cha saa ya mkononi. Nyuma yake kuna mboni, kisha lenzi, na nyuma kabisa ya jicho kuna retina, ambako taswira hupokelewa. Wengi hudhani kwamba lenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukunja mwanga. Sivyo. Nguvu nzima ya jicho ni dayopta 60 hivi, na kati ya hizo konea peke yake hutoa takriban 43. Ndiyo maana badiliko dogo katika mpindo wa konea huleta badiliko kubwa katika uoni.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka kwa milimita moja tu, mwanga hukutana kabla haujafika kwenye retina, na mwenye jicho huhitaji miwani ya takriban dayopta 3 hasi. Hali hiyo ndiyo kutoona mbali. Jicho likiwa fupi, mwanga hufika kwenye retina kabla haujakutana, na hiyo ni hali ya kutoona karibu. Aina ya tatu ni astigimatizimu: konea haikupinda sawasawa pande zote kama mpira wa kandanda, bali imepinda zaidi upande mmoja kama mpira wa raga, na mwanga hukosa mahali pamoja pa kukutania.

Inafaa kutaja hapa jambo moja la istilahi. Kiswahili humtambulisha mtu wa kwanza kwa upungufu wake, kwamba haoni mbali, ilhali Kiingereza humtambulisha kwa kile anachokiona, yaani kilicho karibu. Mfasiri asiyekuwa macho huliona neno lenye maana ya 'karibu' katika istilahi ya Kiingereza, akaandika 'kutoona karibu', na kwa kalamu yake mgonjwa akapewa tatizo lililo kinyume kabisa cha lile alilo nalo. Katika fomu ya hospitali kosa hilo si dogo.

Kutoka kwa bata mzinga hadi konea

Wazo la kubadilisha konea ili kurekebisha uoni lilitangulia leza. Katikati ya karne ya 20, José Barraquer, aliyefanya kazi mjini Bogotá nchini Kolombia, alikuwa akikata kipande cha konea, akikigandisha kwa baridi na kukichonga kabla ya kukirudisha mahali pake. Katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alieneza mbinu ya kuchanja konea kwa wembe kwa mistari iliyotawanyika kama miali ya jua. Mbinu zote mbili zilitegemea mno mkono wa mpasuaji, na mkono hauwezi kuaminiwa hadi kiwango cha sehemu ya elfu ya milimita.

Leza iliyoondoa tatizo hilo haikubuniwa kwa ajili ya macho. Leza ya eksima ilitengenezwa kwanza mjini Moscow mwaka 1970 na Nikolai Basov na wenzake. Miaka kadhaa baadaye, katika maabara ya kampuni ya IBM jimboni New York, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum walikuwa wakijiuliza leza hiyo ingefanya nini juu ya tishu ya mnyama. Tarehe 27 Novemba 1981, siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, Srinivasan alifika kazini na mabaki ya bata mzinga aliyeliwa nyumbani kwake, akayamulika. Alipata mchoro safi ambao kingo zake hazikuungua. Siri yake ni kwamba mwanga huo wa urujuanimno, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 193, huvunja vifungo vya molekuli moja kwa moja badala ya kuzichoma kwa joto. Kila mpigo huondoa robo ya mikromita hivi, nayo mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Daktari Stephen Trokel wa Chuo Kikuu cha Columbia alishirikiana na Srinivasan, na mwaka 1983 wakachapisha matokeo ya leza hiyo juu ya konea. Mwaka 1988, Marguerite McDonald aliitumia nchini Marekani kwenye jicho lenye uwezo wa kuona, la mgonjwa ambaye jicho hilo lilikuwa liondolewe kwa sababu ya saratani. Mgonjwa huyo alikubali jicho lichunguzwe kabla ya kuondolewa. Historia ya upasuaji huu humsahau kwa wepesi, ilhali kila anayevua miwani leo ana deni kwake.

Njia tatu

Njia ya kwanza kukubalika ni ile ifahamikayo kwa herufi PRK, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1995. Daktari huondoa tabaka la juu kabisa la konea, lenye unene wa mikromita 50 hivi, kisha leza ya eksima huchonga sehemu iliyo chini yake iitwayo stroma. Kwa asiyeona mbali, leza hupunguza katikati ili konea iwe bapa zaidi. Kwa asiyeona karibu, huchonga duara la pembeni ili katikati pabaki pameinuka. Matokeo ya namna hii ya pili huwa na uthabiti mdogo zaidi. Tabaka la juu humea upya kwa siku tatu hadi tano, na muda huo mgonjwa huvaa lenzi laini ya kukinga jicho. Huwa ana maumivu, na uoni wake hutulia baada ya majuma kadhaa. Anayeahidiwa kwamba PRK haiumi anadanganywa.

Njia ya pili ni Lasik. Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Crete alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwishoni mwa miaka ya 1980. Badala ya kuondoa tabaka la juu, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, hukifunua kama ukurasa wa kitabu, huchonga stroma kwa leza, kisha hukirudisha. Mgonjwa wengi huwaona wakirejea kazini siku ya pili, na wepesi huo ndio ulioipa Lasik umaarufu. Mwanzoni kifuniko kilikatwa kwa wembe wa mashine. Baadaye ikaja leza ya femtosekunde, yenye mipigo mifupi ajabu, ambayo msingi wake ni mbinu iliyobuniwa na Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985 na kuwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2018. Ila kifuniko hakirudii nguvu zake zote za awali. Pigo kali la jicho laweza kukisogeza hata baada ya miaka, kwa hiyo mwanandondi au mchezaji wa raga hushauriwa kuchagua PRK.

Njia ya tatu, SMILE, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2016 baada ya kutumika kwingineko kwa miaka kadhaa. Hapa hakuna kifuniko. Leza ya femtosekunde hukata umbo la lenzi ndogo ndani ya konea yenyewe, na daktari huitoa kupitia tundu la milimita 2 hadi 4. Mishipa ya hisia inayokatwa ni michache, hivyo ukavu wa macho unaofuata huelekea kuwa mdogo kuliko wa Lasik. Imetumika zaidi kwa kutoona mbali na astigimatizimu.

Hesabu ya mikromita

Konea ya kawaida ina unene wa mikromita 540 hivi katikati. Kina kitakachochongwa hukadiriwa kwa kanuni nyepesi: idadi ya dayopta huzidishwa kwa mraba wa kipenyo cha eneo linalochongwa, kwa milimita, kisha jibu hugawanywa kwa 3. Na ichukuliwe mifano miwili ya kudhania, kila mmoja wenye kipenyo cha milimita 6.

Mwanafunzi wa kwanza ana dayopta 3 hasi na konea ya mikromita 550. Tatu mara 36, gawanya kwa 3, ni mikromita 36. Akifanyiwa Lasik yenye kifuniko cha mikromita 110, chini ya eneo lililochongwa hubaki 404. Hana shida.

Mwanafunzi wa pili ana dayopta 8 hasi na konea ya mikromita 500. Kwake leza itachonga mikromita 96. Ukitoa na kifuniko, hubaki 294. Kiwango cha chini kilichozoeleka ni 250, kwa hiyo mtu wa haraka angesema amepita. Lakini kuna kipimo kingine: kifuniko pamoja na kilichochongwa ni 206, ambayo ni asilimia 41 ya konea nzima, na hatari ya konea kulegea huongezeka kuanzia asilimia 40. Daktari mwangalifu atamnyima Lasik. Kwa PRK hesabu hupungua, kwa kuwa tabaka la juu humea tena, ingawa kwa namba kubwa namna hiyo huwapo hofu ya ukungu wa kovu kwenye konea. Huenda afaidike zaidi kwa lenzi ndogo inayopandikizwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili, bila konea kuchongwa. Wawili hawa wangeweza kuketi dawati moja, wakasoma tangazo moja, na ilhali jibu la mmoja si jibu la mwenzake.

Konea yenye umbo la pia

Unene si kila kitu. Uko ugonjwa uitwao keratokonasi, ambamo konea hudhoofika na kuchomoza mbele mithili ya pia. Huanza aghalabu katika ujana, umri uleule ambao watu huanza kutamani leza, na dalili yake ya awali ni namba ya miwani inayobadilikabadilika pamoja na astigimatizimu inayoongezeka. Kuchonga konea ya namna hiyo ni kuiharibu zaidi. Tiba yake ni nyingine: matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, ambavyo kwa pamoja hukaza nyuzi za konea ili isiendelee kuchomoza.

Kufikicha macho kwa nguvu kunahusishwa na ugonjwa huu, na mzio wa macho unaowasha ni jambo la kawaida miongoni mwa watoto na vijana wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo swali la kama mtu hufikicha macho lina uzito mkubwa katika chumba cha daktari. Ramani ya konea ichukuliwayo kwa mashine hubaini keratokonasi hata kabla mgonjwa hajaihisi, na kliniki inayotaka kupasua bila ramani hiyo haifai kuaminiwa. Mwenye lenzi za kuvaa jichoni huziacha kwa majuma mawili au zaidi kabla ya kupimwa, maadamu lenzi hizo hubadilisha umbo la konea kwa muda. Walio chini ya miaka 18, wale ambao namba yao imebadilika kwa zaidi ya nusu dayopta mwaka uliopita, wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa kusubiri.

Yaliyo nje ya uwezo wa leza, na yafuatayo

Leza hizi hazigusi lenzi ya jicho. Hazizuii mtoto wa jicho, wala hazizuii lenzi kukakamaa kuanzia miaka ya arobaini. Mhadhiri wa miaka 45 mwenye dayopta 2.5 hasi, ambaye huvua miwani ili asome tasnifu za wanafunzi, akirekebishwa kikamilifu ataona vizuri hadi mlangoni na kuhitaji miwani ya kusomea. Wapo wanaoamua jicho moja lirekebishwe kwa ajili ya mbali na jingine liachwe kwa ajili ya karibu, baada ya kujaribu hali hiyo kwanza kwa lenzi za kuvaa.

Madhara ya kawaida ni ukavu wa macho, ambao huweza kudumu kwa miezi, pamoja na miduara ya mwanga kuzunguka taa usiku. Dereva wa matatu ya safari za usiku ana sababu ya kuyafikiria hayo kuliko karani wa ofisini. Nchini Kenya upasuaji huu hupatikana zaidi katika hospitali na kliniki za kibinafsi jijini Nairobi, na aghalabu bima huuhesabu kuwa jambo la hiari.

Limebaki suala moja lisilozungumzwa vya kutosha. Glakoma huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa wingi zaidi na mapema zaidi, na huharibu neva ya jicho bila maumivu. Mojawapo ya njia za kuigundua ni kupima shinikizo la jicho kwa kuibonyeza konea. Konea iliyopunguzwa kwa leza hubonyea kwa urahisi, hivyo kipimo husomeka chini kuliko shinikizo lilivyo, na daktari asiye na habari huweza kumwambia mgonjwa kwamba yu salama. Vilevile, siku mtoto wa jicho atakapoondolewa, nguvu ya lenzi ya kupandikiza hukokotolewa kwa usahihi zaidi vipimo vya kale vikijulikana. Anayefanyiwa leza ana haki ya kudai nakala ya unene wa konea yake, mpindo wake, namba ya miwani na shinikizo la jicho kabla ya upasuaji, na kuiweka pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, kwa kuwa daktari atakayeihitaji huenda leo hii bado yumo shule ya msingi.