Ndege mkononi mwa watoto

SWALI: Katika mchoro wa Raphael wa Bikira Maria, ulioko Uffizi, Florence, kwa nini watoto wanachezea ndege?

JIBU: Hawachezi tu. Yohana Mbatizaji amemleta ndege, Yesu anampapasa kichwa. Ndege huyo, jamaa ya chiriku, hula mbegu za mibaruti, na Wakristo wa Ulaya walisimulia kwamba alichomoa mwiba katika taji la Kristo, damu ikamrukia usoni. Ndiyo, walisema, asili ya ule wekundu wa uso wake. Raphael, aliyechora mnamo 1506, alijua watazamaji wake wangeyaona mateso ya Kristo hapo. Lakini mimi, kinachonigusa zaidi kiko chini kabisa: unyayo mtupu wa mtoto umekanyaga mguu wa mama yake, kama afanyavyo mtoto yeyote anayetafuta pa kuegemea.