Je, ni mikono yangu iliyompelekea mume wangu usaha?

*Yaya, nakuandikia kutoka Fungurume, nimekaa kwenye kibaraza cha hospitali. Mume wangu alivunjika mguu shimoni akichimba, mfupa ukatokea nje. Walimsafisha, wakamfunga, kidonda kikaanza kukauka vizuri. Kitanda cha jirani kuna mzee mwenye kidonda cha siku nyingi, hana ndugu hapa mjini. Nilimwonea huruma: namsogezea bakuli, namfulia, siku nyingine namshikia mguu muuguzi akibadilisha bandeji. Sabuni tunakuja nayo wenyewe, ikiisha imeisha. Sasa kidonda cha mume wangu kinatoa usaha wa kijani. Tumenunua seftriaksoni mpaka franga zimekwisha. Muganga anasema vijidudu vimezoea dawa. Shemeji yangu amesema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemletea kaka yake uchafu wa mtu mwingine, na anataka tumtoe tumpeleke kijijini kwa dawa za miti. Tena namwona muuguzi anatoka kitanda hadi kitanda na glavu zilezile, lakini nikisema nitaonekana mjuaji na mgonjwa wangu ndiye atakayeumia. Nifanye nini?*

*Mama wa kitanda cha dirishani*

Mdogo wangu,

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, inawezekana vijidudu vilipita kwenye mikono yako. Inawezekana pia vilipita kwenye glavu hizo za muuguzi, kwenye kibano, kwenye beseni, au kwenye mkono wa mgeni aliyemsalimia mzee kisha akaja kuketi kitandani kwa mume wako. Na huenda havikutoka kwa mzee hata kidogo, maana mfupa uliotokea nje uligusa udongo wa shimo kabla haujagusa kitu chochote cha hospitali. Bila maabara hakuna anayeweza kujua, na shemeji yako hana maabara. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokoki puani bila kuugua chochote, pengine na yeye mwenyewe anayepaza sauti. Wewe umefanya kazi ya uuguzi bila mshahara, bila mafunzo na bila sabuni. Ukitafutwa wa kulaumiwa, foleni haianzi kwako.

Sasa mguu wenyewe. Usaha wa kijani mara nyingi huletwa na kijidudu kiitwacho Pseudomonas. Hicho hupenda majimaji: utakikuta kwenye sinki, kwenye ndoo ya kudekia, hata ndani ya chupa ya dawa ya kusafishia vidonda iliyozimuliwa kwa maji ikaachwa juu ya meza siku kadhaa. Sisemi ndicho alichonacho mume wako, kwa sababu rangi si kipimo. Nakuambia ili uelewe jambo moja: seftriaksoni haikiwezi Pseudomonas, mnunue chupa saba au sabini. Haiiwezi pia ile stafilokoki iliyokwisha kuwa sugu kwa methisilini. Kwa hiyo kabla hamjatoa franga nyingine kwenye farmasi ya getini, muulize muganga swali hili kwa adabu na kwa uwazi: "Usaha umepelekwa kuoteshwa maabara?" Kuotesha ni kuchukua usaha au kipande cha nyama kutoka ndani ya kidonda baada ya kukisafisha, kukiacha kijidudu kikue, kisha kukijaribu kwa dawa mbalimbali kuona ipi inakiua. Jibu huchukua siku kadhaa. Ikiwa hapo Fungurume hawafanyi, maabara kubwa za Lubumbashi zinafanya, na kifurushi kilichofungwa vizuri kinasafiri kwa barabara ileile mnayopita ninyi. Kipimo kina gharama, najua. Lakini hesabu mlichokwisha kutumia kwa dawa moja isiyofanya kazi.

Swali la pili: "Mfupa wenyewe uko hai?" Dawa ya sindano husafiri kwa damu. Kipande cha mfupa kilichokufa hakipitishi damu, hivyo dawa hupita pembeni na kijidudu kinabaki kimejificha humo hata kama dawa ni ile sahihi. Kipande cha namna hiyo hutolewa na mpasuaji. Picha ya mguu na macho ya mpasuaji huenda vikamsaidia mume wako kuliko chupa nyingine yoyote.

Ndiyo maana namkatalia shemeji yako. Kumtoa sasa ni kumpeleka mbali na watu wawili anaowahitaji zaidi, mpasuaji na mpimaji. Mkiondoka, ondokeni na barua ya uhamisho kwenda Kolwezi au Lubumbashi, iliyoandikwa dawa alizopewa na siku alizopewa. Kama kuna vidonge mlivyonunua pembeni, vile vya rangi mbili vinavyouzwa kimojakimoja sokoni, semeni. Muganga asiyejua mgonjwa amemeza nini anapiga ramli.

Usidhani vijidudu kuzoea dawa ni jambo la Fungurume tu. Mwaka 2019 watafiti wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, walitangaza aina ya salmonela ya damu, iliyopatikana kwa wagonjwa wa Kisantu katika Kongo Central, ambayo ilikuwa imeshinda seftriaksoni na azithromisini pamoja, na siprofloksasini nayo ikaanza kulegea. Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Muhimbili, watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002 walifuatiliwa: waliokuwa na bakteria za kundi la gramu hasi kwenye damu walikufa asilimia 43.5, wa malaria asilimia 20.2. Sisi tunaiogopa malaria. Na waliopewa dawa ambayo kijidudu chao kilikuwa kimeizoea ndio walioangamia zaidi. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2019 yalitaja vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu huo.

Dawa mpya za kutosha hatuna, na zikija zitakuwa ghali. Kilichobaki mikononi mwetu ni kukizuia kijidudu kisihame kitanda. Hapo ndipo wewe una kazi kubwa kuliko unavyofikiri.

Kuhusu muuguzi. Umeogopa kumwambia, na hofu yako ina sababu. Anayelala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa hagombani na mwenye funguo za dawa. Basi usimwambie kitu. Mnawishe. Kwetu mgeni haanzi bukari kabla hajamiminiwa maji mikononi, na hakuna aliyewahi kuona hilo kuwa tusi. Muuguzi akikaribia kitanda chenu, simama na bidoni yako, sabuni na kitambaa safi: "Mama, nikumiminie maji kabla hujamgusa?" Atanawa. Akishanawa atavaa glavu nyingine, kwa sababu hakuna anayevaa glavu chafu juu ya mikono iliyotoka kunawa mbele ya watu. Ikiwa glavu ni chache, na mara nyingi ndivyo, muulize kama mnaweza kununua jozi yenu ikawekwa kando kwa ajili ya kidonda cha mume wako. Akikataa kwa ukali, nenda kwa mkuu wa wauguzi asubuhi, peke yako, bila shemeji.

Na wewe je? Kidonda usikiguse tena, cha mume wala cha mzee. Kushika mguu wakati wa bandeji ni kazi ya wenye glavu. Nawa kwa maji yanayomiminika na sabuni, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha, kazi yote ichukue karibu dakika moja. Beseni moja ambalo watu wanne wametumbukiza mikono halinawishi mtu, linawagawia. Bidoni yenye koki, au iliyotobolewa na kuzibwa kwa kijiti, inatosha kabisa. Penye jeli ya alkoholi, nusu dakika ya kusugua mpaka ikauke inatosha, kama mikono haina uchafu unaoonekana. Mfamasia wa hospitali anaweza kuitengeneza mwenyewe: Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni yake, ethanoli, gliserini na maji ya oksijeni, na mchanganyiko wake una alkoholi asilimia 80. Najua kuna atakayeniuliza kuhusu lutuku, pombe kali ya kienyeji. Hapana. Haina nguvu inayojulikana, na chupa haitafika jioni.

Mzee usimwache. Wengi wangekuambia uachane naye, mimi siwezi kukuambia hivyo. Mhudumie mume wako kwanza, kisha nawa, kisha mzee, kisha nawa tena. Kila mmoja awe na beseni lake, taulo lake na kikombe chake. Nguo za mzee zifuliwe kando kwa maji ya moto, zikauke juani. Vyuma vya vitanda na meza ndogo vipanguswe kwa javeli iliyozimuliwa, lakini javeli isifike kwenye kidonda. Wageni wasiketi kitandani, na bukari isiliwe hapo katikati ya vitanda viwili na mikono iliyotoka kukunja shuka. Watoto wabaki nyumbani. Mkirudi nyumbani, mume wako hana haja ya kutengwa na familia. Akumbatiwe, ale na watu, mikono ikinawiwa. Ila kwa mtoto mchanga na kwa mtu mwenye kidonda kibichi muwe waangalifu. Na hospitali yoyote atakayolazwa baadaye iambiwe mapema kwamba aliwahi kuwa na kijidudu sugu.

Wauguzi wanaosoma safu hii wataniuliza kwa nini nimempa mke wa mgonjwa kazi zao. Nimempa kwa sababu yeye ndiye yuko hapo saa ishirini na nne. Zenu bado zipo: vidonda visafi vianze, vya usaha viwe vya mwisho, kila mgonjwa na kibano chake kilichotakaswa kwa mvuke, dawa ya kusafishia itengenezwe upya kila siku na inayobaki imwagwe. Nchi yetu ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1976 katika hospitali ya misheni ya Yambuku, sindano tano zilitolewa kila asubuhi kwa hospitali nzima, zikasuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Ebola ni kirusi, si bakteria sugu, lakini njia iliyoifungulia ilikuwa kifaa cha mgonjwa mmoja kilichofika kwa mwingine.

Na kwa wakurugenzi: malori ya shaba na kobalti yanapita Fungurume usiku na mchana, yakitoka kwenye mojawapo ya maeneo yenye kobalti nyingi kuliko yote duniani. Katika mji wa namna hiyo, mke wa mchimbaji hapaswi kuja na kipande cha sabuni kwenye mkoba ili mume wake asioze mguu. Maji na sabuni kwenye kila chumba cha wagonjwa ni deni la hospitali, kama vile kitanda na paa.

Mdogo wangu, kesho muganga akipita, uliza yale maswali mawili, na shemeji awepo asikie majibu kwa masikio yake. Jibu la maabara likifika, niandikie jina la kijidudu na dawa zilizokiweza, tuendelee kutoka hapo.